Filamu Nyumbani mwa Askari: Nani Anayetuchagulia?

Zamani, askari aliyetaka kutazama senema alilazimika kuingoja. Gari la senema lilipofika kambini, kitambaa cheupe kilitundikwa baina ya miti miwili au ukutani mwa ghala, mashine ikawashwa, na wote, wakubwa kwa wadogo, wakakaa chini kutazama kile kilicholetwa. Televisheni nayo ilipoanza nchini Uganda mwaka 1963, ilikuwa na kituo kimoja tu cha Serikali. Mtazamaji wa siku hizo alikuwa na hiari mbili tu: kutazama au kwenda kulala.

Leo mambo yamegeuka. Koplo aliyetoka lindo, au konstebo aliyeshinda juani barabarani akiongoza magari, arudipo nyumbani hukuta dunia nzima imewekwa mbele yake. Kuna king'amuzi chenye vituo makumi kwa makumi. Kuna simu mfukoni. Kuna flashi iliyojazwa filamu dukani kwa bei ya soda. Mke anataka tamthilia ya Uturuki, watoto wanataka vikatuni, kijana wa kidato cha tatu anataka mapigano, naye mwenye nyumba anataka kupumzisha akili tu. Hapana budi mtu achague, na asipochagua yeye, atachaguliwa.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: je, jambo hili lina uzito gani hata liandikwe katika ukurasa huu, penye habari za mipaka, za usalama na za mataifa? Sisi twaona lina uzito. Raia akitazama uongo juu ya kazi ya askari, hasara yake ni ndogo. Askari akitazama uongo huo huo usiku baada ya usiku, kesho yake huvaa sare na kushika silaha, na yule anayesimama mbele yake ndiye atakayelipa.

Nani mchaguzi?

Serikali za Afrika Mashariki hazikulala katika jambo hili. Tanzania ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976. Kenya ina Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo hupanga filamu kwa madaraja: zile zinazofaa kwa wote, zile zinazohitaji uangalizi wa wazazi, za waliotimiza miaka 16, na za waliotimiza miaka 18. Kanuni za utangazaji za nchi hiyo zinataka vituo visionyeshe mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Nchini Uganda, sheria ya waandishi wa habari ya mwaka 1995 iliunda Baraza la Habari, na miongoni mwa kazi zake ni kuzikagua filamu zinazoonyeshwa hadharani.

Sheria hizi zina faida, lakini mkono wake haufiki kila mahali. Mwezi Januari 2014 bodi ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Marekani iitwayo The Wolf of Wall Street. Amri ya namna hiyo yaweza kufunga ukumbi wa senema, na yaweza kufunga duka. Simu iliyomo mfukoni mwa mtu haiwezi kuifunga. Tangu Januari 2016, kampuni ya Netflix ilipofungua huduma yake karibu katika nchi zote za Afrika kwa siku moja, filamu huvuka mpaka bila ya kupita kwa ofisa wa forodha wala kwa mkaguzi.

Badala ya mkaguzi amekuja mchaguzi mwingine, naye ni mashine. Mitambo ya makampuni haya huandika kila kitu unachotazama, ulikitazama kwa muda gani, na ulikiacha wapi. Kisha hukuletea kinachofanana nacho. Ukitazama usiku mmoja filamu ya mauaji, kesho yake utaletewa tano. Mashine haikusudii kukudhuru, wala haikusudii kukufaa. Kusudi lake ni moja tu, nalo ni kwamba usiondoke. Kwa hiyo, mtu anayesema kwamba yeye hutazama apendacho, na ajiulize vizuri kama kweli ndiye aliyekipenda, au ni kitu alichosogezewa mpaka akakizoea.

Uganda katika senema za wageni

Na tuanze na habari zinazotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens, ikaletwa Entebbe. Usiku wa tarehe 3 kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israel walitua, wakawaokoa mateka 102. Mateka watatu walikufa katika mapigano hayo, na kiongozi wa kikosi cha mashambulizi, Yonatan Netanyahu, aliuawa pia. Mama mzee Dora Bloch, aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye kwa kulipiza kisasi.

Kabla ya mwaka 1977 kwisha, filamu tatu za tukio hilo zilikuwa zimekwisha kutoka: Victory at Entebbe, Raid on Entebbe, na Operation Thunderbolt ya Israel. Zote tatu zilipigwa mbali na Uganda, kwa kuwa Idi Amin alikuwa bado madarakani. Zilipikwa kwa haraka mno hata katika ile ya kwanza, mwigizaji Godfrey Cambridge, aliyepewa nafasi ya Amin, alipofariki kazini, mwingine alishika nafasi yake pale pale na filamu ikaonyeshwa Desemba 1976. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, 7 Days in Entebbe.

Tunazitaja filamu hizi kwa sababu ya jambo moja. Katika mapambano yale walikufa askari wa Uganda makumi kadhaa. Katika filamu zile wao ni watu wanaoanguka tu. Hawana majina, hawana mama, wala hakuna anayeuliza ni nani aliyewaweka pale kuwalinda watekaji nyara. Mtazamaji wa mbali hafikirii hivyo, kwa kuwa hadithi si yake. Lakini askari wa Uganda anapozitazama nyumbani kwake, na ajiulize swali ambalo filamu haikuliuliza: askari anayetii amri ya mkuu aliyepotoka hufa kwa ajili ya nini?

Filamu mashuhuri kupita zote juu ya enzi ile ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Hii ilipigwa hapa hapa Uganda, na Forest Whitaker alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Amin. Ni kazi nzuri ya uigizaji. Lakini wengi walioitazama wanaamini kwamba yule daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, aliishi kweli. Hakuwahi kuishi. Ni mtu wa kubuniwa, aliyetoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Msiba wa taifa zima umesimuliwa kwa macho ya mgeni ambaye hakuwako. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1979 akiifanya filamu hiyo kuwa kitabu chake cha historia, atakuwa ameijenga nyumba juu ya mchanga.

Amin mwenyewe alijua nguvu ya picha. Mwaka 1974 mtengenezaji filamu Barbet Schroeder alitoa filamu ya habari juu yake, naye Amin alishirikiana naye mwanzo hadi mwisho. Alipopata habari kwamba baadhi ya sehemu zinamwaibisha, alitaka zikatwe. Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda walikusanywa na kuzuiliwa mpaka Schroeder akakubali kuzikata. Utawala wake ulipoanguka, vipande vile vilirudishwa.

Mfano wa mwaka 2012

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi na tuutazame mwaka 2012. Tarehe 5 Machi mwaka huo, shirika moja la Marekani lilitoa filamu ya dakika 30 hivi iitwayo Kony 2012. Katika muda wa siku sita hivi ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Vijana wa Ulaya na Marekani walilia, wakavaa vikuku, wakabandika matangazo kutani. Lakini wengi wao hawakuelewa kutokana na filamu ile kwamba Joseph Kony na kundi lake walikuwa wamekwisha kuondoka katika ardhi ya Uganda tangu mwaka 2006, na kwamba watu wa Gulu, Kitgum na Lira walikuwa wakirudi mashambani mwao.

Mwezi huo huo filamu ile ilionyeshwa hadharani mjini Lira. Waliokuja kuitazama walikuwa watu ambao vita vile viliwakata midomo, viliwanyang'anya watoto na kuwachomea nyumba. Walitaraji kuziona habari zao. Walichokiona ni Mmarekani akimweleza mwanawe mdogo juu ya mtu mbaya aliye mbali. Watu walikasirika, wakazomea, na mawe yakarushwa.

Hatuandiki haya ili kuwadhihaki waliotoa machozi yao. Huruma ni kitu chema. Twaandika ili kuonyesha kwamba filamu yaweza kutazamwa na watu milioni 100 na bado ikamkosa yule mwenye habari yake. Askari wetu waliomfuata Kony katika misitu ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati mpaka mwaka 2017 hawahitaji kuambiwa jambo hili mara mbili.

Mogadishu na Kigali

Yako pia majeshi ya nchi nyingine ambayo yamefutwa katika picha. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 palikuwa na mapigano makali Mogadishu, walipokufa Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Mwaka 2001 ikatoka filamu Black Hawk Down, iliyopigwa Moroko. Hakuna kambi katika Afrika Mashariki ambapo filamu hii haijulikani. Lakini waliotumwa usiku ule na magari ya deraya kwenda kuwatoa Wamarekani waliozingirwa walikuwa pia askari wa Malaysia na wa Pakistan, na Mmalaysia mmoja aliuawa. Katika filamu sehemu yao ni ndogo mno. Na Wapakistani 24 waliouawa mjini humo tarehe 5 Juni mwaka ule ule hakuna aliyewatengenezea filamu ya namna hiyo.

Wamalaysia walinung'unika kwa muda mrefu, kisha wakafanya la maana zaidi kuliko kunung'unika. Mwaka 2023 walitoa filamu yao wenyewe, Malbatt: Misi Bakara, wakausimulia usiku ule kwa upande wao. Hapa pana somo kwetu. Askari wa Uganda waliingia Mogadishu mwezi Machi 2007, wakawa wa kwanza katika jeshi la Umoja wa Afrika, na mwezi Agosti 2011 Al-Shabaab waliuacha mji ule. Warundi walipigana nao bega kwa bega. Wakenya, Waethiopia na Wajibuti wakafuata. Walikufa wengi. Ni wangapi kati ya watoto wa kambi zetu wanaoweza kutaja filamu moja juu ya kazi hiyo? Lakini majina ya askari wa Marekani wa mwaka 1993 wanayajua kwa moyo.

Kwa upande mwingine, ziko filamu ambazo zimemtazama askari kwa macho ya haki, nazo twazisifu. Sometimes in April ya mwaka 2005 ni mojawapo. Aliitengeneza Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti, naye aliipiga Rwanda kwenyewe. Mhusika wake mkuu ni Kapteni Augustin, Mhutu katika jeshi la serikali ya wakati ule, mwenye mke Mtutsi. Ndugu yake ni mtangazaji wa redio iliyochochea mauaji ya mwaka 1994, ambaye baadaye anasimama mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha. Kapteni yule analazimika kuchagua baina ya amri na dhamiri, naye hachagui kwa urahisi wala hapati tuzo. Afande yeyote aliyewahi kuwa na askari chini yake hawezi kuitazama filamu hiyo kisha akalala bila kufikiri. Lakini si filamu ya watoto, na aliyepoteza jamaa zake katika mauaji yale ana haki ya kuikataa.

Mpelelezi wa senema na sheria ya nchi

Sasa tunafika penye kiini cha makala yetu. Katika tamthilia nyingi za polisi na za majasusi, mambo huenda hivi: bomu limetegwa, saa inakimbia, mshukiwa amekamatwa lakini hataki kusema. Shujaa anafunga mlango. Anampiga, anamtia umeme, anamvunja vidole. Baada ya dakika mbili mshukiwa anasema kweli tupu, bomu linateguliwa, na shujaa anasamehewa yote.

Tamthilia mashuhuri ya aina hii ni 24, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2001. Mwezi Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri mpaka California akifuatana na watu wenye uzoefu wa kuhoji wafungwa wa kivita na wahalifu, akakutana na watengenezaji wa tamthilia hiyo. Ombi lake lilikuwa kwamba waache kuonyesha mateso kama njia inayofaulu. Sababu yake ilikuwa wazi. Yeye alikuwa akiwafundisha makadeti sheria za vita darasani, nao makadeti wakamwuliza kwa nini wasifanye kama shujaa wa televisheni, ambaye kila mara hufanikiwa. Mwalimu alikuwa akishindwa na tamthilia.

Ndugu askari, ikiwa wanachuo wa jeshi lenye vitabu na walimu kama lile walipotoshwa, sisi ni nani hata tudhani kwamba hatutapotoka? Watu waliofanya kazi ya kuhoji kwa miaka mingi wanasema kinyume cha senema. Mtu anayeteswa husema lolote litakaloyakomesha mateso. Atataja jina la jirani yake asiye na hatia. Atakiri kosa la mtu mwingine, na yule mwuaji wa kweli atabaki mtaani. Senema haionyeshi sehemu hiyo, kwa sababu hadithi imekwisha.

Senema haionyeshi mahakama pia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza utesaji katika kifungu cha 24, na kifungu cha 44 kinasema kwamba haki hiyo haipunguzwi kwa hali yoyote. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Utesaji ya mwaka 2012 inaweka adhabu ya kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Ushahidi uliopatikana kwa mateso hautakiwi mahakamani, na kusema "niliamriwa na mkubwa wangu" si kinga. Kenya nayo ina sheria yake ya kuzuia utesaji ya mwaka 2017. Kwa hiyo askari anayemwiga shujaa wa televisheni hupoteza kesi, hupoteza kazi, na hujikuta gerezani pamoja na wale aliowakamata, na mwenzake wa kwenye televisheni anaendelea kulipwa mshahara wa uigizaji.

Atakayetaka kuona jambo hili likisemwa kwa ukweli, na aitafute The Battle of Algiers ya mwaka 1966, kazi ya Mwitalia Gillo Pontecorvo. Ilipigwa katika mitaa yenyewe ya Algiers, muda mfupi baada ya uhuru, na Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa wapiganaji mjini humo, aliigiza ndani yake. Filamu haimpendelei mtu. Inaonyesha mabomu ya wapigania uhuru yakiwaua watu waliokaa mkahawani, na inaonyesha makomandoo wa Ufaransa wakiwatesa mateka mpaka mtandao wote wa wapiganaji ukavunjika mwaka 1957. Askari wa Ufaransa walilishinda pambano lile. Miaka mitano baadaye, mwaka 1962, Ufaransa iliondoka Algeria. Mwezi Agosti 2003 wakubwa wa makao ya jeshi la Marekani walionyeshwa filamu hiyo, wakati vita vya Iraq vilipokuwa vikianza kuwa vigumu. Iwapo walijifunza au hawakujifunza, msomaji ataamua mwenyewe.

Filamu inayochoma

Wako maafande wasiopenda filamu inayowaonyesha polisi vibaya. Huizima, au hukataza isitazamwe mbele yao. Sisi twadhani hilo ni kosa. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, ni hadithi ya kijana anayetoka kijijini kwenda Nairobi kutafuta uigizaji, akaangukia katika wizi. Ndani yake wamo polisi wanaokula pamoja na wezi, kisha wakawageuka na kuwaua. Si picha tamu. Lakini mamilioni ya raia wanaamini kwamba polisi wako hivyo, na askari asiyejua raia anamfikiriaje atashangaa siku atakapohitaji ushahidi na kila mlango ukafungwa. Filamu kama hiyo ni kioo, na mwenye uso safi haogopi kioo.

Wala tusidhani kwamba kila kilicho kizuri hutoka ng'ambo. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu Who Killed Captain Alex?, juu ya kapteni wa jeshi anayepambana na genge la wahalifu. Bunduki zake zilichongwa kwa mbao na vyuma chakavu, na fedha zilikuwa haba kupita kiasi, lakini leo inajulikana duniani kote. Mwenye silaha ya kweli huitazama akicheka mpaka machozi, na kucheka ni dawa kwa aliyetoka kazi ngumu. Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, yaonyesha jinsi Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe alivyoinuka kwa mchezo wa sataranji. Hiyo familia nzima yaweza kuitazama, kuanzia bibi mpaka mjukuu. Na kwa wapenzi wa Kiswahili, Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inarudisha Unguja ya miaka ya 1950, pamoja na mapambano yake dhidi ya ukoloni.

Sebuleni

Imebaki habari ya nyumba yenyewe. Mke wa askari anayependa tamthilia ndefu za Uturuki, Ufilipino au Meksiko hastahili kudharauliwa. Tamthilia hizo, nyingi zikiwa zimetiwa sauti ya Kiswahili, huzungumza juu ya wivu, urithi, mawifi na uaminifu, mambo yaliyomo katika kila nyumba. Lakini hata hizo na zitazamwe kwa akili. Ile ya Sultani Suleiman, aliyetawala tangu mwaka 1520 hadi 1566, ilizusha ugomvi huko huko Uturuki. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa waziri mkuu, alilalamika hadharani kwamba sultani waliyemjua wao hakuwa yule wa kwenye televisheni. Tamthilia ni tamthilia.

Liko pia suala la wafasiri, wale wanaoitwa VJ, waliokulia katika vibanda vya video. Wao huisimulia filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiganda, kama vile DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania walivyofanya kwa Kiswahili. Hii ni sanaa ya watu wetu na twaipenda. Ila ijulikane kwamba mfasiri huongeza ya kwake: utani, methali, jina la jirani, hata tusi. Baba aliyesikia filamu kwa sauti ya VJ hawezi kusema kwamba anajua filamu yenyewe ilisema nini. Na katika nyumba za kambi, ambamo Mwacholi, Mnyankole, Muteso na Mlugbara hukaa ukuta kwa ukuta, filamu ya Kiswahili ina faida ya kumfanya jirani naye akaribishwe.

Juu ya gharama, kila mmoja anajua kwamba filamu kwenye simu hula bando. Kodi ya shilingi 200 kwa siku juu ya mitandao, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa Julai 2021 na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Kwa mwenye mshahara wa askari, usiku mmoja wa kutazama ovyo waweza kuwa mkate wa watoto wa asubuhi.

Na kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulisema. Askari aliyerudi kutoka vitani, aliyewashika wenzake wakifa, huenda asiweze kuvumilia mlio wa risasi sebuleni. Akinyanyuka na kutoka nje, asichekwe. Watoto na wafundishwe kubadilisha filamu bila kuuliza, kwa sababu nyumba ni mahali pake pa kupumzika kabla haijawa ukumbi wa senema.

Mashauri yetu

Hatusemi kwamba kila filamu iwe somo, wala hatutaki kambi zigeuzwe darasa baada ya kazi. Mtu aliyechoka ana haki ya kucheka na ana haki ya kutazama upuuzi. Twasema tu kwamba kabla ya kubonyeza rimoti, yafaa kujiuliza maswali machache. Ni nani aliyeitengeneza filamu hii, na alikuwa wapi? Ni nani aliyekuwako katika tukio lakini hayumo katika picha? Shujaa wake akifanya hivi katika nchi yangu, sheria itamwitaje? Na ni nani aliyeketi hapa pamoja nami, mwenye umri gani na mwenye jeraha gani?

Maswali hayo yana thamani zaidi kuliko alama ya umri iliyoandikwa juu ya filamu, kwa maana alama hiyo humlinda mtoto tu, na mara nyingi hata mtoto haimlindi. Afande mwenye askari chini yake aweza kufanya zaidi. Filamu moja kwa mwezi messini, ikifuatwa na mazungumzo ya nusu saa baina ya watu walioijua kazi inayoonyeshwa, haina gharama kubwa. Atakayeanza na ile ya Algiers, kisha akawauliza askari wake kwa nini walioshinda mwaka 1957 waliondoka mwaka 1962, atakuwa amefanya kazi ambayo mihadhara mingi haijaifanya.

Na wale wenye uwezo wa kamera katika majeshi yetu, kwa kuwa uwezo huo upo, wasingoje mgeni aje kuwasimulia wao Mogadishu. Waliokuwako wangali hai, na kumbukumbu zao bado hazijafifia.